Stepin Fetchit

Lincoln Theodore Monroe Andrew Perry (Key West, Florida, 30 Mei 1902 – Woodland Hills, California, 19 Novemba 1985), anayefahamika zaidi kwa jina lake la kisanii Stepin Fetchit, alikuwa mwigizaji wa filamu, mchekeshaji na mcheza dansi kutoka nchini Marekani. Ni miongoni mwa Wamarekani Weusi wa kwanza kuwa nyota katika filamu za Hollywood, na hutajwa mara nyingi kuwa mwigizaji mweusi wa kwanza kufikia utajiri wa dola milioni moja.

Mhusika aliyempa umaarufu alikuwa mtu mvivu, mzito wa kusema, mwenye kuburuta miguu na kujikuna kichwa kila anapotumwa kazi. Watazamaji wa miaka ya 1920 na 1930 walimcheka sana. Kizazi kilichofuata kilimwona kuwa alama ya namna filamu za vichekesho zilivyowadhalilisha watu weusi, na jina lake likageuka kuwa tusi. Hadi leo watafiti wa historia ya filamu wanabishana kama Perry aliuza heshima ya watu wake, au alikuwa msanii hodari aliyepita katika mlango pekee uliokuwa wazi wakati wake.

Maisha ya awali

Perry alizaliwa Key West, kisiwa kilicho katika ncha ya kusini ya jimbo la Florida. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi. Baba yake alitoka Jamaika na kazi yake ilikuwa kusokota sigara kwa mkono; mama yake alitoka Bahamas na alikuwa mshonaji wa nguo. Baadaye familia ilihamia Tampa, mji mwingine wa Florida uliojulikana kwa viwanda vya sigara.

Alikulia katika kipindi cha sheria za ubaguzi wa rangi zilizojulikana kama sheria za Jim Crow. Katika majimbo ya kusini watu weusi walisoma katika shule zao za pekee, walikaa katika mabehewa yao ya treni, na katika kumbi nyingi za maonyesho walipelekwa kwenye roshani ya juu au walizuiwa kuingia kabisa. Nafasi za kazi kwa kijana mweusi zilikuwa chache, na nyingi zilikuwa za utumishi na kazi ngumu za mikono.

Akiwa bado kijana mdogo Perry aliondoka nyumbani na kujiunga na kikundi cha maonyesho ya kusafiri. Aliimba, alicheza dansi ya kugongesha viatu sakafuni, na akajifunza kuchekesha. Vikundi vya namna hiyo vilizunguka mji kwa mji vikionyesha chini ya mahema na katika kumbi ndogo, na ndivyo vilivyokuwa chuo cha wasanii wengi weusi wa kizazi chake.

Asili ya mhusika wake

Mtu mweusi mvivu na mjinga wa kuchekesha hakubuniwa na Perry, wala hakuanzia kwenye filamu. Tangu miaka ya 1830 Marekani ilikuwa na maonyesho ya jukwaani yaliyoitwa minstreli, ambamo wasanii Wazungu walijipaka masizi usoni, wakajichora midomo mikubwa, na kuiga kwa dhihaka usemi, nyimbo na dansi za watumwa. Mmoja wa waanzilishi wake, Thomas D. Rice, alipata umaarufu kwa kumwigiza mhusika aliyeitwa Jim Crow. Jina la mhusika huyo ndilo lililokuja kutumika kwa sheria za ubaguzi.

Katika maonyesho hayo watu weusi walionekana kwa sura chache zisizobadilika: mtumwa mtiifu anayempenda bwana wake, mjakazi mnene mwenye maneno mengi, mtoto mtukutu wa kuchekesha, na mwanamume mvivu, mwoga na mwizi wa kuku. Sura hizo zilikuwa na kazi ya kisiasa. Zilimwonyesha mtazamaji Mzungu kwamba utumwa haukuwa mbaya kiasi hicho, na kwamba mtu mweusi akiwa huru hawezi kujitegemea.

Baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, wasanii weusi nao waliingia katika minstreli, kwa kuwa ndiyo kazi ya jukwaani iliyokuwapo. Wengi wao walilazimika kujipaka masizi juu ya ngozi zao nyeusi, ili wafanane na picha ambayo watazamaji walikuwa wameizoea. Bert Williams, mchekeshaji mweusi aliyekuwa maarufu kuliko wote mwanzoni mwa karne ya 20, alifanya hivyo hadi alipofariki mwaka 1922. Perry alipoanza kupata nafasi za jukwaani, njia hiyo ilikuwa imeshapigwa na waliomtangulia.

Wasomi wengine wanaona chanzo cha pili katika uigizaji wake. Watumwa wa majimbo ya kusini walikuwa na mbinu ya kujifanya wajinga au wazito ili wakwepe kazi bila kumgomea bwana waziwazi. Mtumwa anayepoteza jembe, asiyeelewa maagizo, au anayechukua siku nzima kwa kazi ya saa moja, alikuwa anajitetea kwa njia pekee aliyonayo. Mbinu hiyo inafanana na ile ya sungura mjanja katika ngano zilizovuka bahari pamoja na Waafrika waliotekwa na zikabaki hai kusini mwa Marekani: mnyonge hamshindi mkubwa kwa nguvu, humshinda kwa kumfanya adhani ana akili kuliko yeye. Kwa maoni hayo, mhusika wa Perry alikuwa mvivu machoni pa Wazungu, lakini watazamaji weusi waliweza kuona kwamba mwisho wa yote kazi hakuifanya.

Jina la kisanii

Katika maonyesho ya jukwaani Perry alishirikiana na msanii mwenzake katika mchezo wa watu wawili, na majina yao yalijengwa kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya nenda ukalete, yaani amri anayopewa mtumishi. Walipotengana, Perry alibaki na maneno yote mawili na kuyaunganisha kuwa jina lake peke yake. Kuna maelezo mengine pia: Perry alisimulia kwamba jina hilo lilikuwa la farasi wa mashindano aliyempatia pesa katika kamari.

Akiwa peke yake jukwaani alitangazwa kuwa mtu mvivu kuliko wote duniani. Alitembea kana kwamba kila hatua inamchosha, macho yakiwa nusu yamefumba, mdomo umelegea, sauti ikitoka kidogokidogo na kupotea kabla sentensi haijaisha. Ghafla mwili ule uliolegea ulianza kucheza dansi kwa wepesi na ustadi mkubwa. Tofauti hiyo ndiyo iliyowafurahisha watazamaji.

Kuingia Hollywood

Perry alipata nafasi yake kubwa ya kwanza mwaka 1927 katika filamu bubu ya In Old Kentucky, iliyotengenezwa na studio ya MGM. Katika filamu hiyo aliigiza pamoja na Carolynne Snowden, na wahusika wao walikuwa na kisa cha mapenzi. Hilo lilikuwa jambo la nadra, kwani filamu za studio kubwa wakati huo hazikuwa na desturi ya kuwaonyesha watu weusi wakiwa na maisha yao wenyewe nje ya utumishi.

Mwaka huohuo filamu zenye sauti zilianza kuenea, na studio zikatafuta wasanii walioweza kuimba, kucheza na kusema kwa namna ya kuvutia. Perry alifaidika na mabadiliko hayo. Mwaka 1929, akiwa na studio ya Fox, alionekana katika filamu kadhaa. Muhimu zaidi ilikuwa Hearts in Dixie, mojawapo ya filamu za kwanza za studio kubwa kuwa na waigizaji karibu wote weusi. Kisa chake kikuu ni cha mzee Nappus, aliyeigizwa na Clarence Muse, anayeuza mali yake ili mjukuu wake aende kaskazini kusomea udaktari. Perry aliigiza kama Gummy, mkwe mvivu wa mzee huyo. Ingawa Gummy hakuwa mhusika mkuu, ndiye aliyekumbukwa zaidi, na mhakiki Mzungu Robert Benchley alisifu sana uwezo wa Perry wa kutumia sauti katika filamu.

Mwaka huohuo alionekana pia katika Salute, iliyoongozwa na John Ford, na katika toleo la kwanza la filamu ya Show Boat. Kwa John Ford atarudi mara kadhaa katika maisha yake ya kazi.

Nje ya kamera Perry hakufanana na mhusika wake. Alijua kusoma na kuandika vizuri, na mwishoni mwa miaka ya 1920 aliandika makala kuhusu maisha ya Hollywood katika Chicago Defender, gazeti lililosomwa sana na Wamarekani Weusi nchi nzima. Alikuwa pia Mkatoliki mwenye kushika dini. Inaelezwa kwamba kazini wakati mwingine alijifanya hajui kusoma, ili asomewe maelezo ya filamu na apate nafasi ya kupendekeza mambo yake mwenyewe, na kwamba maneno asiyoyapenda aliyamung'unya hadi yasisikike. Kwa njia hiyo alipata uhuru kidogo katika studio ambazo hazikumpa mtu mweusi nafasi ya kuandika, kuongoza wala kuamua.

Kilele cha umaarufu

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Fox ilimwacha, baada ya migogoro iliyotokana na kuchelewa kazini na mwenendo wake. Alirudi mwaka 1934, na miaka miwili iliyofuata ikawa kilele cha kazi yake. Aliigiza katika filamu nne pamoja na Will Rogers, mchekeshaji mwenye asili ya Wacherokee aliyependwa sana nchini Marekani: David Harum na Judge Priest za mwaka 1934, kisha The County Chairman na Steamboat Round the Bend za mwaka 1935. Alionekana pia na mtoto nyota Shirley Temple katika Stand Up and Cheer! ya mwaka 1934 na Dimples ya mwaka 1936.

Judge Priest, iliyoongozwa na John Ford, inaonyesha vizuri nguvu na tatizo la mhusika wake. Filamu inaanza mahakamani katika mji mdogo wa Kentucky mwaka 1890. Jeff Poindexter, yaani Perry, ameshtakiwa kwa wizi wa kuku na amesinzia wakati kesi yake inasikilizwa. Hakimu, badala ya kumfunga, anavutiwa na habari zake za uvuvi, na mwishowe wawili hao wanakwenda kuvua samaki pamoja. Tukio linachekesha, na kati ya waigizaji hao wawili kuna urafiki unaoonekana. Hata hivyo limejengwa juu ya sura ileile ya minstreli, ya mtu mweusi mvivu na mwizi wa kuku.

Kulikuwa na sehemu nyingine iliyopigwa picha katika filamu hiyo. Ndani yake Jeff anakabiliwa na kundi la Wazungu wanaotaka kumnyonga bila kesi, na hakimu anawakemea na kumwokoa. Studio iliikata sehemu hiyo kabla ya filamu kutolewa. Katika miaka hiyo Wamarekani Weusi walikuwa bado wakiuawa na makundi ya namna hiyo kusini mwa nchi. Kwa hiyo watazamaji walipata kicheko cha kesi ya kuku, lakini hawakuonyeshwa hatari iliyomkabili mtu kama Jeff katika maisha ya kweli.

Umaarufu ulimletea Perry pesa nyingi. Alimiliki magari ya kifahari, aliajiri watumishi, aliandaa sherehe kubwa, na magazeti yalifuatilia kila alichofanya. Baadhi ya habari hizo zilitiwa chumvi, na yeye mwenyewe alizichochea kwa kuwa zilimtangaza. Kwa Wamarekani Weusi wengi wa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, kumwona mtu wao akiendesha gari la thamani mjini Los Angeles lilikuwa jambo la fahari, hata kama hawakufurahia kila alichofanya kwenye filamu.

Mafanikio yake yaliwafanya watayarishaji kutafuta wengine wa kumwiga. Mchekeshaji Willie Best alitangazwa katika filamu zake za mwanzo kwa jina la Sleep 'n' Eat, yaani kulala na kula. Mantan Moreland alijulikana kwa kutumbua macho na kutimua mbio kila penye hatari. Wote walikuwa na vipaji, na wote walipewa nafasi za aina moja: mtumishi, dereva, mpagazi wa treni, mwoga wa mizimu. Waigizaji wa kike kama Hattie McDaniel na Louise Beavers nao walibaki katika nafasi za wajakazi.

Kushuka kwa kazi yake

Will Rogers alifariki katika ajali ya ndege huko Alaska mwezi Agosti 1935, na Perry akapoteza mshirika wake mkubwa. Migogoro yake na studio iliendelea, na baada ya 1937 nafasi zikapungua. Mwaka 1939 alionekana katika Zenobia, filamu ya vichekesho ya Oliver Hardy. Baada ya hapo Hollywood ilikaa miaka mingi bila kumpa nafasi kubwa.

Sababu hazikuwa za kwake binafsi tu. Magazeti ya watu weusi na chama cha kutetea haki zao, NAACP, vilikuwa vimelalamika kwa muda mrefu juu ya taswira potofu katika filamu. Mwaka 1942, Marekani ikiwa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, katibu wa NAACP Walter White alikutana na wakuu wa studio za Hollywood na kudai watu weusi waonyeshwe kama raia wa kawaida wa nchi hiyo. Hoja yake ilikuwa na uzito: vijana weusi walikuwa wakitumwa vitani kupigana na utawala wa kibaguzi wa Ujerumani, huku nchini mwao wakionyeshwa kuwa wavivu na wajinga.

Madai hayo yaliwagawa waigizaji weusi wenyewe. Baadhi yao waliogopa kwamba studio zingeondoa nafasi za watumishi bila kuweka nyingine badala yake, na kwa miaka kadhaa hofu hiyo ilionekana kuwa ya kweli. Hattie McDaniel, aliyekuwa ameshinda Tuzo ya Oscar mwaka 1940 kwa kuigiza mjakazi katika Gone with the Wind, alilaumiwa pia, naye alijitetea kwamba alikuwa akifanya kazi iliyokuwapo.

Perry alirudi jukwaani na kuigiza katika filamu zilizotengenezwa mahususi kwa watazamaji weusi, ikiwemo Miracle in Harlem ya mwaka 1948. Mwaka 1947 alitangazwa kufilisika. Utajiri wa miaka ya nyuma ulikuwa umekwisha. Mwaka 1952 alipata nafasi katika Bend of the River, na mwaka 1953 John Ford alimwita tena kuwa Jeff Poindexter katika The Sun Shines Bright. Safari hii Ford aliweka tukio la hakimu kuwazuia watu wanaotaka kumnyonga kijana mweusi, yaani jambo lililokatwa miaka 19 kabla. Lakini nyakati zilikuwa zimebadilika, na uigizaji wa Perry ulionekana kuwa wa zamani.

Urafiki na Muhammad Ali

Katika miaka ya 1960 Perry alionekana katika kambi ya bondia Muhammad Ali. Tarehe 25 Mei 1965, huko Lewiston, Maine, Ali alimwangusha Sonny Liston katika raundi ya kwanza kwa ngumi ambayo watazamaji wengi hawakuiona. Ali alieleza kwamba ngumi hiyo alifundishwa na Stepin Fetchit, ambaye naye aliipata kwa Jack Johnson, bondia mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu.

Urafiki huo uliwashangaza wengi. Ali alikuwa kijana mweusi asiyenyenyekea kwa mtu, naye Perry alikuwa jina lililohusishwa na unyenyekevu. Kisa chao kiliandikwa baadaye na Will Power katika mchezo wa kuigiza wa Fetch Clay, Make Man, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2010.

Kesi dhidi ya CBS

Mwaka 1968 kampuni ya televisheni ya CBS ilirusha kipindi kuhusu historia ya Wamarekani Weusi, kilichosimuliwa na mchekeshaji Bill Cosby. Kipindi hicho kilionyesha vipande vya filamu za zamani na kumtaja Stepin Fetchit kama mfano wa mtu mweusi mvivu na mjinga aliyebuniwa na Hollywood. Kwa watazamaji wengi vijana, hiyo ndiyo iliyokuwa mara yao ya kwanza kumwona.

Perry aliumizwa sana. Aliona kwamba vipande vifupi vilivyochaguliwa vilimwondoa katika historia ya kazi yake yote, na kwamba vijana weusi walifundishwa kumwonea haya mtu aliyewatangulia. Mwaka 1970 alifungua kesi ya kuchafuliwa jina, akidai fidia ya dola milioni 3. Alijitetea kwamba yeye ndiye aliyewalazimisha wakuu wa Hollywood kumtambua mtu mweusi kuwa nyota, na kwamba waliomfuata, akiwemo Cosby, walipita katika njia aliyoifungua.

Mahakama ilitupa madai yake, na mwaka 1974 mahakama ya rufaa ilikubaliana na uamuzi huo. Kwa kuwa alikuwa mtu mashuhuri, sheria ya Marekani ilimtaka athibitishe kwamba watengenezaji wa kipindi walisema uongo wakijua, au bila kujali ukweli. Hakuweza kuthibitisha hivyo.

Miaka ya mwisho na kifo

Perry alioa zaidi ya mara moja na alikuwa na watoto wa kiume. Mmoja wao alifariki mwaka 1969 katika tukio la kusikitisha la ufyatuaji wa risasi.

Mwaka 1974 alionekana katika filamu ya vichekesho ya Amazing Grace pamoja na mchekeshaji mkongwe Moms Mabley. Mwaka 1976 tawi la NAACP la Hollywood lilimpa tuzo maalumu, jambo lililokuwa na maana kubwa kwa sababu chama hicho kilikuwa kimepinga taswira alizoigiza. Mwaka 1978 aliingizwa katika orodha ya heshima ya watengenezaji filamu weusi.

Mwaka 1976 alipata kiharusi, na miaka yake ya mwisho aliishi katika makao ya wazee wa tasnia ya filamu huko Woodland Hills, California. Alifariki tarehe 19 Novemba 1985 kwa nimonia na moyo kushindwa kufanya kazi, akiwa na umri wa miaka 83. Alizikwa katika makaburi ya Kikatoliki ya Calvary, Los Angeles. Ana nyota yake katika barabara ya watu mashuhuri ya Hollywood.

Urithi na mjadala

Mwaka 1973 mwanahistoria Donald Bogle alichapisha kitabu chake juu ya watu weusi katika filamu za Marekani, ambamo aliainisha sura tano zilizorudiwarudiwa na Hollywood. Perry anahesabiwa kuwa mfano mkubwa wa mojawapo, ile ya mtu mweusi wa kuchekwa. Lakini Bogle alieleza pia kwamba waigizaji wengi wa wakati huo walikuwa na ustadi uliozidi nafasi walizopewa, na kwamba ni muhimu kutenganisha mwigizaji na nafasi. Mwaka 2005 vilitoka vitabu viwili vya maisha ya Perry, kimoja cha Mel Watkins na kingine cha Champ Clark, na vyote vilisaidia kumtazama upya.

Wanaomlaumu wanasema kwamba vicheko vyake vilikuwa na gharama, na gharama hiyo ililipwa na watu wengine. Mtoto mweusi shuleni, mfanyakazi aliyeomba kazi na raia aliyedai haki ya kupiga kura, wote walikutana na watu waliomjua mtu mweusi kupitia Stepin Fetchit. Katika miji mingi ya Marekani isiyokuwa na wakazi weusi, filamu ndizo zilizokuwa chanzo cha pekee cha picha hiyo.

Wanaomtetea wanakumbusha kwamba hakuwa na uwezo wa kuamua ni filamu gani zitengenezwe. Tatizo, kwa maoni yao, halikuwa kuwapo kwa mtu mweusi mvivu katika filamu za vichekesho, kwani wapo pia Wazungu wavivu na wajinga waliochekesha, kama wahusika wa Laurel na Hardy. Tofauti ni kwamba katika filamu hizohizo Mzungu alikuwa pia daktari, hakimu, mpenzi na shujaa, kwa hiyo mjinga mmoja hakuwawakilisha wote. Mtu mweusi alikuwa na sura moja tu, na aliyeigiza sura hiyo alibebeshwa mzigo wa taifa zima.

Mabadiliko yalikuja polepole. Sidney Poitier, aliyeshinda Oscar ya mwigizaji bora wa kiume mwaka 1964, alijulikana kwa kuigiza wahusika wenye heshima na elimu. Baadaye wasanii weusi walianza kuandika na kuongoza vichekesho vyao wenyewe, na baadhi yao waliugeuza udhalilishaji wa zamani kuwa mada ya kuchekwa. Katika Hollywood Shuffle ya mwaka 1987, Robert Townsend aliwacheka watayarishaji wanaomtaka mwigizaji mweusi awe zaidi mweusi kwa namna wanavyodhani wao. Katika Bamboozled ya mwaka 2000, Spike Lee alisimulia habari za kipindi cha televisheni kinachorudisha minstreli, na wahusika wake wawili waliitwa Mantan na Sleep'n Eat, kwa kuwakumbuka Mantan Moreland na Willie Best.

Jina la Stepin Fetchit bado hutumika nchini Marekani kumtusi mtu mweusi anayedhaniwa kujipendekeza kwa Wazungu. Wengi wanaolitumia hawajawahi kuona filamu yake hata moja, na wachache wanajua kwamba nyuma ya jina hilo alikuwapo Lincoln Perry, mwandishi wa makala za gazeti, aliyelipinga mahakamani kwa miaka minne na kushindwa.

Baadhi ya filamu alizoigiza

In Old Kentucky (1927)
Hearts in Dixie (1929)
Salute (1929)
Show Boat (1929)
David Harum (1934)
Stand Up and Cheer! (1934)
Judge Priest (1934)
The County Chairman (1935)
Charlie Chan in Egypt (1935)
Steamboat Round the Bend (1935)
Dimples (1936)
On the Avenue (1937)
Zenobia (1939)
Miracle in Harlem (1948)
Bend of the River (1952)
The Sun Shines Bright (1953)
Amazing Grace (1974)